Watoto wa Kibera na Kawangware Wapimwe kwa Lugha Gani?

Kila mara ripoti ya upimaji wa stadi za kusoma na kuhesabu inapotangazwa humu nchini, mambo matatu hutokea kwa utaratibu ule ule. Magazeti hupiga mbiu kwamba watoto wetu hawajui kusoma. Wakubwa wa Wizara ya Elimu huahidi kwamba jambo hilo litachunguzwa. Kisha wazazi na wanasiasa humgeukia mwalimu, naye mwalimu huikunja ripoti na kurudi darasani anakosubiriwa na watoto themanini. Baada ya majuma mawili mjadala huwa umekwisha. Nimeufuatilia mzunguko huu kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mwalimu wa shule ya msingi na baadaye nikiwa mwandishi wa safu hii, na ninaamini kwamba hatuufikii mzizi wa jambo kwa sababu hatujiulizi swali la awali: kipimo chenyewe kinapima nini, na kinampima nani?

Nataka kulijadili swali hilo kwa kuitazama mitaa miwili ya Nairobi, Kibera na Kawangware. Sikuichagua kwa sababu ya umaskini wake, maana umaskini wa Kibera umeandikwa na kupigwa picha hadi wasomaji wamechoka. Nimeichagua kwa kuwa humo ndimo vipimo vyetu vinamokwama.

Kwa muda wa miaka 38, tangu 1985 hadi 2023, taifa hili lilikuwa na kipimo kimoja kikuu cha shule ya msingi, nacho ni KCPE. Mtoto alikaa darasani miaka minane ndipo nchi ikataka kujua alichokipata. Lakini mtihani ule ulikuwa chekeche. Ulikusudiwa kuamua nani aende shule gani ya upili, haukuundwa ili kumwambia mwalimu wa darasa la tatu kwamba Akinyi au Wafula hajaweza kuunganisha silabi. Isitoshe, sehemu kubwa ya maswali yake yalikuwa ya kuchagua jibu moja kati ya manne. Mtoto asiyeweza kusoma aya moja angeweza kubahatisha akapata robo ya alama, na hiyo robo ikaandikwa katika cheti kana kwamba ni maarifa.

Hali ilianza kubadilika mwaka 2009, mpango uitwao Uwezo ulipoasisiwa katika Kenya, Tanzania na Uganda. Fikra yake ilitoka India, ambako shirika la Pratham lilikuwa limeanza mwaka 2005 kuwapima watoto nyumba kwa nyumba katika zoezi lililoitwa ASER. Utaratibu wake ni mwepesi hata baadhi ya wasomi wakaudharau. Watu wa kujitolea huingia kijijini, kaya huchaguliwa kwa bahati nasibu, na kila mtoto wa umri wa miaka 6 hadi 16 hupimwa peke yake kwa karatasi fupi. Mna herufi au silabi, mna maneno, mna aya, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mtoto husoma mpaka pale anapokwama. Kwa upande wa hesabu hutambua namba, huzilinganisha, hujumlisha, hutoa, huzidisha na kugawanya, yote yakiwa ya kiwango hicho hicho. Awe yumo darasa la pili au la nane, karatasi ni ile ile.

Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba mtoto hupimwa nyumbani, mzazi akitazama. Mama ambaye kwa miaka mitatu ameletewa ripoti yenye maneno "amejitahidi" huona kwa macho yake mwanawe akilitazama neno "kuku" asijue la kufanya. Hapana haja ya mtaalamu wa takwimu kumfasiria.

Matokeo yakawa machungu. Katika ripoti za miaka ile ya mwanzo, takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu humu Kenya waliweza kufanya kazi ya darasa la pili. Miaka ilipita, mtaala ukageuzwa, madarasa yakaitwa gredi. Mwaka 2021 shirika la Usawa Agenda, lililoirithi kazi ya Uwezo humu nchini, liliwapima watoto tena, na likakuta kwamba chini ya nusu ya wanafunzi wa gredi ya nne waliweza kuisoma matini ya Kiingereza ya gredi ya tatu. Tukumbuke, kwa insafu, kwamba shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi 2020, na wengi hawakurejea darasani hadi Januari 2021.

Hayo ni ya taifa zima. Je, Kibera na Kawangware zimo wapi katika tarakimu hizo? Hapa ndipo mwalimu wa takwimu anapopaswa kuinua mkono. Nairobi aghalabu hutokea miongoni mwa maeneo yanayofanya vyema, na mtu akiusoma wastani huo anaweza kudhani kwamba mtoto wa jijini ana heri. Lakini wastani ni chungu kimoja kilichopikiwa vyakula viwili. Eneo bunge la Dagoretti Kaskazini lina wadi tano, na miongoni mwazo zimo Kawangware na Gatina kwa upande mmoja, Kilimani na Kileleshwa kwa upande wa pili. Kabla ya uchaguzi wa 2013, Kibera ilikuwa katika eneo bunge la Lang'ata pamoja na Karen. Ukichanganya alama za mtoto anayepelekwa shule kwa gari la babaye na za mtoto anayeruka mtaro wa maji machafu alfajiri, ukagawanya kwa mbili, unapata mtoto ambaye haishi popote.

Ugumu wa pili ni wa daftari la shule. Zipo tathmini zinazoanzia nyumbani, na zipo zinazoanzia shuleni. Zile zinazoanzia shuleni, kama vile SACMEQ ya nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, huchagua shule kutoka orodha rasmi. Sasa msomaji ajiulize: orodha rasmi ya shule za Kibera ilikuwa na nini? Serikali ya Kibaki ilipoondoa karo ya shule za msingi Januari 2003, idadi ya wanafunzi nchini ilipanda kutoka milioni 5.9 hadi kama milioni 7.2. Shule ya msingi ya Olympic, iliyokuwa ikitajwa kwa fahari katika matokeo ya KCPE, ilifurikwa na watoto. Lakini katika miaka ile ile ya 2003 na 2004, mtafiti Mwingereza James Tooley na wenzake walipoingia vichochoroni kuhesabu, walikuta shule 76 za kibinafsi ndani ya Kibera zenye wanafunzi 12,132. Shule za serikali zilizoihudumia Kibera zilikuwa tano, nazo zilikuwa pembezoni.

Tooley ni mtetezi mashuhuri wa shule za kibinafsi, na mimi simfuati huko anakoelekea. Anapouona mzazi maskini akilipa karo, yeye huona uhuru wa kuchagua. Mimi huona mzazi ambaye serikali haikumjengea shule mahali anapoishi. Walakini hesabu yake ilitufaa, kwa kuwa iliwafichua watoto ambao daftari la Wizara halikuwajua. Watafiti wa kituo cha APHRC, kilichopo hapa Nairobi, nao walionyesha baadaye kwamba katika mitaa ya mabanda ya jiji hili watoto wa maskini walikuwa wakisoma katika shule za kulipia kwa wingi kuliko watoto wa mitaa yenye nafuu, elimu ya bure ikiwapo. Sababu kubwa waliyoitaja ni uhaba wa nafasi katika shule za umma.

Tooley na mwenzake Pauline Dixon waliwapima pia wanafunzi wa Kibera, Mukuru na Kawangware, katika shule za serikali na zile za kibinafsi za ada ndogo, kwa masomo matatu: hisabati, Kiingereza na Kiswahili. Wale wa shule za kibinafsi walitangulia katika hisabati na Kiswahili. Wa shule za serikali wakawa mbele kidogo katika Kiingereza. Watetezi wa shule za kibinafsi wamelitangaza tokeo la kwanza. Mimi nimeshikwa na la pili, kwa sababu linatupeleka kwenye kiini cha makala haya: mtoto yule yule, mtaa ule ule, akipimwa kwa lugha mbili hutoa sura mbili.

Mtaani Makina utakisikia Kinubi kinachozungumzwa na jamaa walioishi Kibera kwa zaidi ya karne moja. Ukishuka Gatwekera utasikia Kijaluo, Kawangware utasikia Kiluhya cha lahaja mbalimbali na Kikikuyu, na kotekote utaisikia Sheng. Watoto hukutana katika Kiswahili cha mtaani. Sera ya elimu, kwa muda mrefu, imeelekeza kwamba miaka mitatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha ya mazingira ya shule, na mijini lugha hiyo ni Kiswahili. Ingia sasa katika shule yoyote ya mabati ya mitaa hii. Ubaoni pameandikwa Kiingereza, jina la shule ni la Kiingereza, na mlangoni huenda pakawa na onyo la adhabu kwa atakayesema lugha nyingine. Mzazi analipa karo kwa sababu anataka Kiingereza. Mwalimu mkuu anamuuzia anachokitaka. Siwalaumu. Mitihani iliyompeleka mtoto mbele ilikuwa kwa Kiingereza, isipokuwa ule wa Kiswahili chenyewe. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto hujifunza kusoma lugha asiyoijua kabla hajajifunza kusoma ile anayoijua.

Linganisha ugumu wa kazi zenyewe. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja hutamkwa jinsi ilivyoandikwa. Mtoto aliyeshika ba, be, bi, bo, bu na ndugu zake anaweza kulisoma neno ambalo hajapata kuliona maishani. Kiingereza hakimhurumii hivyo: herufi zile zile hutamkwa hivi katika neno moja na vingine katika neno la pili, na mengine sharti yakaririwe tu. Kwa hiyo mwalimu wa Kawangware anayempima mtoto wa gredi ya pili kwa Kiingereza pekee hajui kama mtoto amekwama katika kusoma au amekwama katika Kiingereza. Hayo ni maradhi mawili na dawa zake ni mbali mbali.

Tunao ushahidi wa jambo hili humu humu nchini. Mradi wa PRIMR, uliofanywa kuanzia 2011 hadi 2014 katika shule za umma na katika shule za ada ndogo za mitaa ya mabanda, uliwapima watoto kwa kuwasomesha kwa sauti kwa dakika moja na kuhesabu maneno waliyoyasoma sawasawa. Uliandaa njia ya mpango wa kitaifa wa Tusome, ulioanza 2015 na kuzifikia hata shule hizo zisizo za serikali. Viwango vya ufasaha vilivyowekwa vilikuwa maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na maneno 45 kwa Kiswahili. Mwalimu mmoja aliwahi kuniuliza kwa hasira: je, wanadhani Kiswahili ni lugha ya wavivu?

La hasha. Litazame neno "hawatanisomea". Ni neno moja, lakini Mwingereza atahitaji maneno sita kuisema dhana hiyo: mtendaji, wakati, ukanushi, mtendewa, kitendo na kihusishi chake, vyote vimebanwa pamoja. Mtoto anayelisoma amefanya kazi ya sentensi nzima, na msaili humhesabia neno moja. Kwa sababu hiyo maneno 45 ya Kiswahili si machache kuliko 65 ya Kiingereza, na atakayezichukua tarakimu hizo mbili akazilinganisha moja kwa moja, akasema watoto wanasoma Kiingereza upesi zaidi, amepima kitambaa kwa pishi.

Watafiti wa mradi huo walikuta jambo jingine ambalo kila mwalimu wa madarasa ya chini angelikisia. Watoto wengi walitamka maneno mengi zaidi ya Kiingereza kwa dakika, lakini walipoulizwa maswali juu ya walichokisoma, walikielewa Kiswahili zaidi. Midomo ilikwenda mbio na akili ikabaki nyuma. Kipimo kinachohesabu kasi peke yake kingempa mtoto huyo tuzo, na mwalimu wake angepongezwa.

Nisije nikaonekana kuwa naitukuza lugha yangu kupita kiasi. Kiswahili sanifu nacho kinaweza kuwa kigeni kwa mtoto wa Laini Saba. Yeye husema "kitabu yangu" na "hiyo mtoto"; kitabu chake cha kusomea husema vinginevyo. Hadithi nyingi za kupimia zimejaa mbuzi, ghala, mto na shamba la babu. Mtoto wa Kibera anajua mtungi wa maji hununuliwa kwa shilingi, anajua reli inayopita katikati ya mtaa, anajua mwenye nyumba hubisha hodi siku gani ya mwezi. Sisemi hadithi ziandikwe kwa Sheng. Nasema watungaji wa karatasi hizo wapande matatu namba 46 hadi Kawangware kabla ya kuandika, kisha waje waniambie ghala liko wapi.

Katika hesabu mambo yamejificha zaidi. Mpe mtoto wa gredi ya tatu hesabu ya 42 kutoa 17, uipange wima ubaoni. Wengi watakuandikia 35, na mwalimu aliyezoea ataelewa mara moja kilichotokea: mtoto ameona 2 haiwezi kutoa 7, akaigeuza, akatoa 2 kutoka 7 akapata 5, kisha 1 kutoka 4 akapata 3. Umwite sasa kando, umwambie ametumwa dukani na shilingi 42, amenunua kitu cha shilingi 17. Huyo huyo atahesabu kutoka 17 hadi 20, kutoka 20 hadi 40, aongeze mbili, akujibu 25 bila kalamu. Nimeliona hili kwa watoto wanaowasaidia mama zao kuuza sukuma wiki na maandazi kando ya barabara ya Kawangware, mara nyingi hata limeacha kunishangaza.

Si ajabu ya Nairobi pekee. Mwaka 1985 watafiti Carraher, Carraher na Schliemann walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto wachuuzi wa mji wa Recife nchini Brazil. Sokoni, watoto hao walijibu sawasawa karibu maswali yote, yapata asilimia 98. Hesabu za aina ile ile zilipoandikwa bila bidhaa wala fedha, walipata kama asilimia 37. Walikuwa watoto watano tu, kwa hiyo tusijenge ghorofa juu ya msingi mdogo. Lakini mwalimu yeyote wa mitaa ya mabanda anaweza kuurudia uchunguzi huo leo jioni bila ruhusa ya mtu. Ripoti ikisema mtoto "hawezi kutoa", maana yake huenda ni kwamba hawezi kuandika kutoa. Kosa la 35 ni kosa la thamani ya nafasi. Linafundishika katika muda mfupi, maadamu mwalimu amelijua.

Na hata hapa lugha imo. Anayehesabu kwa Kiswahili husema kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Kumi inasikika na mabaki yanasikika, na thamani ya nafasi imo ndani ya neno. Kiingereza humpa mtoto majina ya 11 na 12 ambayo hayaonyeshi kumi hata kidogo. (Nasi tuna ishirini, thelathini na arubaini tulizozipata kwa Waarabu, ambazo nazo hazifumbui kitu, kwa hiyo tusijivune mno.) Mtoto aliyefundishwa namba kwa lugha mbili nusu nusu hupoteza faida ya zote mbili.

Lipo jingine linalovuruga vipimo katika mitaa hii, nalo ni kuhama. Kipimo chema humfuata mtoto ili kuona kama amesonga mbele. Lakini Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata, na pamoja na maelfu ya nyumba zilianguka shule kadhaa, miezi michache kabla ya mtihani wa KCPE wa mwaka huo. Septemba 2019 darasa la shule moja ya Ng'ando, Dagoretti, liliporomoka likaua watoto wanane, na serikali ikaanza kuzifunga shule nyingine. Kando ya hayo makubwa kuna yale ya kila mwezi: kodi imeshindikana, familia imehama usiku, mtoto amebadili shule na rekodi zake zimebaki kwenye daftari la mwalimu asiyemjua tena. Hata hesabu ya watu wenyewe ni taabu. Kwa miaka mingi tuliambiwa Kibera ina watu milioni moja, na sensa ya 2009 ikakuta 170,070. Unapokosa kujua wako wangapi, huwezi kusema kwa hakika asilimia ngapi wanasoma.

Tukishapima, tufanye nini? Nadhani ugonjwa wetu mkubwa umo hapa. Katika miaka ya 1990, wachumi Glewwe, Kremer na Moulin waliufuatilia mpango wa kugawa vitabu vya kiada katika shule za Busia. Ilidhaniwa alama zingepanda kwa wote. Zilipanda kwa wale waliokuwa wakifanya vyema tangu mwanzo. Waliosalia hawakufaidika, kwa kuwa vitabu vilikuwa vya Kiingereza na vilitungwa kwa mtoto ambaye hawakuwa yeye. Kisha mwaka 2005, katika shule 121 za magharibi mwa Kenya zilizopewa mwalimu wa ziada, watafiti Duflo, Dupas na Kremer waliona kwamba pale watoto wa darasa la kwanza walipogawanywa kwa kadiri ya walichokijua, wote walinufaika, walio juu na walio chini, kwani mwalimu aliweza kuanza pale walipokuwa. Uchunguzi huo wa pili unasemwa sana vyuoni. Darasani hauonekani.

Badala yake, tathmini inayofanywa na mwalimu mwenyewe imekuwa kazi ya makaratasi. Chini ya mtaala wa umilisi, mtihani wa KPSEA ulifanywa mara ya kwanza mwaka 2022 na ule wa KJSEA mwaka 2025, na katika kumpangia mtoto shule ya upili, KPSEA imepewa asilimia 20, tathmini za shuleni asilimia 20, na KJSEA asilimia 60. Kwa hiyo alama ambayo ingemwambia mwalimu nani amekwama sasa ni alama inayoamua majaliwa. Mwalimu mwenye akili timamu atajua la kuandika. Na mwalimu wa shule ya mabati isiyo na umeme wa kutegemewa hutoka na bahasha kwenda duka la intaneti, akalipa kwa fedha zake ili alama hizo zifike kwa Baraza la Mitihani. Nani atakayebaki na nguvu za kumketisha mtoto mmoja mmoja?

Nawaandikia hasa walimu wa madarasa ya chini na wanafunzi wa vyuo vya ualimu, kwa hiyo niseme ninachokipendekeza bila kuzunguka. Katika majuma mawili ya kwanza ya muhula, kila mtoto wa gredi ya pili na ya tatu asome mbele ya mwalimu wake silabi, maneno, aya na hadithi, kwanza kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza, na matokeo ya lugha hizo mbili yaandikwe katika safu mbili, yasijumlishwe. Dakika tatu kwa mtoto zatosha. Hesabu ziulizwe kwa mdomo kabla ya kuandikwa. Alama hizo zisitumwe popote. Zisiende kwa mkuu wa elimu wa kaunti ndogo, zisiende mtandaoni, zisisomwe katika mkutano wa wazazi. Ni za mwalimu, ili aweze kuwapanga watoto makundi matatu kwa saa moja kila siku.

Kwa wanaopima taifa, nao nina maombi mawili. Mitaa ya mabanda ya Nairobi, Mombasa na Kisumu itolewe katika wastani wa kaunti na kuripotiwa peke yake, pamoja na watoto wa shule ambazo Wizara haijazisajili. Na ripoti iseme wazi karatasi ilikuwa ya lugha gani. Wenzetu wa Tanzania, ambao tangu 2015 wamelijenga darasa la kwanza na la pili juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, wana nafuu moja ambayo sisi hatuna: mtoto wao hufundishwa na hupimwa kwa lugha moja.

Najua nitakachojibiwa. Dakika tatu kwa watoto themanini ni saa nne, kwa lugha mbili ni saa nane, na hesabu bado. Mwalimu wa shule ya ada ndogo ya Gatina, ambaye mara nyingi hakupitia chuo na ambaye mshahara wake hutegemea kama wazazi wamelipa mwezi huo, hana saa nane za ziada. Wa shule ya serikali ana mshahara wa kutegemewa, lakini huenda ana watoto mia moja. Fedha za serikali za kila mwanafunzi, zilizoanza kwa shilingi 1,020 kwa mwaka na kupanda hadi 1,420, hazimfikii yule wa kwanza, na kwa yule wa pili hazitoshi kumwajiri msaidizi. Mashirika ya ng'ambo yaliyokuwa yakigharimia kazi hii yamepungua. Lile la USAID, lililokuwa mfadhili mkuu wa Tusome, lilivunjwa na serikali ya Marekani mwaka 2025. Wanafunzi wa vyuo vya ualimu wapo, nao hutakiwa kufanya mazoezi ya kufundisha kabla ya kuhitimu. Wawili wakipelekwa katika kila shule ya Kibera na Kawangware mwanzoni mwa muhula, iliyosajiliwa na isiyosajiliwa, saa hizo nane zitapatikana. Sijaona waraka wowote wa Wizara unaowakataza kuingia katika shule za mabati. Wala sijaona unaowaruhusu.